Taa zilizogoma kufika dhahabu: kisa cha barabara yenye nguzo 64

Kisa hiki ni cha taa za sodiamu za barabara moja katika mji wa pwani ya Afrika Mashariki, taa ambazo zikikomaa hutoa mwanga wa dhahabu. Jina la mji, la mkandarasi na la kila aliyehusika limeondolewa, na namba za nguzo zimebadilishwa. Vipimo vimebaki, maana ndivyo vinavyofundisha.

Mitambo iliyokuwepo

Nguzo 64, zimeachana takriban mita 30, zote zinalishwa na kabati moja lililoko mwanzo wa barabara. Fotoseli moja (kihisi cha giza na mwanga) inaamsha kontakta (swichi kubwa ya umeme), kontakta inawasha njia nzima. Taa zimegawanywa kwenye fezi tatu, yaani njia tatu za umeme, kwa zamu: ya kwanza fezi hii, ya pili ile, ya tatu nyingine.

Kila nguzo ilikusudiwa kubeba balbu ya sodiamu ya shinikizo kubwa, wati 250, kitako kikubwa cha skrubu kiitwacho E40. Choki (koili inayodhibiti mkondo wa balbu) na kapasita ya mikrofaradi 36 (kifaa kinachopunguza mkondo unaovutwa kwenye laini) zinakaa chini ya nguzo, nyuma ya kijimlango. Ignita ya waya tatu, kifaa cha kuanzisha balbu, iko juu, karibu na holda inayoshika balbu, na haikuwekwa huko kwa mapambo: inatoa mapigo ya kilovolti 4 hivi, na mapigo hayo yakisafirishwa kwenye waya mrefu hufika kwenye balbu yakiwa yamechoka. Choki zina vichwa viwili vya kuunganishia, kimoja cha umeme wa volti 220 na kingine cha 240. Zote zilifungwa kwenye 240 tangu barabara ilipojengwa.

Miezi michache kabla ya malalamiko, wezi wa shaba walifungua nguzo 20 za katikati wakaondoka na choki zake. Mkandarasi akapewa kazi ya kurudishia, na balbu zilizokuwa zimekufa zikabadilishwa siku hizohizo kutoka stoo hiyohiyo. Hati ya kazi ilisema hivi tu: "Badilisha choki ya sodiamu." Wati hazikuandikwa.

Malalamiko

Wenye maduka walisema barabara imekuwa ya rangi rangi. Taa nyingine zinabaki njano nzito hadi alfajiri, nyingine zinapanda mpaka weupe wenye uwaridi, zinazima, kisha zinaanza upya. Mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wote: "Fundi, hii ya mbele yangu ni kama birika. Ikichemka tu, inazima." Tena alikuwa ameandika kwenye daftari lake la wageni: imewaka saa 12:45 jioni, imezima 12:52, imerudi 12:54, imezima 12:59.

Mistari hiyo ilikuwa na jibu lote ndani yake. Haikusomwa hadi wiki ya tatu.

Rangi zinazotarajiwa, na zinatoka wapi

Ndani ya kioo cha nje cha balbu hii kuna kibomba chembamba cha kauri ya alumina. Ni kauri kwa sababu mvuke wa sodiamu ya moto hula kioo cha kawaida. Alumina inayopitisha mwanga ilipatikana katika maabara za General Electric miaka ya 1950, kwa kazi ya Robert Coble, na bila hiyo taa hii isingekuwepo. Ndani ya kibomba mna vitu vitatu: gesi ya zenoni, zebaki na sodiamu. Hizo mbili za mwisho zimechanganywa kuwa donge dogo linalokaa kwenye ncha yenye ubaridi zaidi.

Balbu baridi ikipigwa na ignita, kilicho tayari kuwaka ni zenoni peke yake, kwa hiyo mwanga wa kwanza ni mweupe hafifu wenye ubuluu. Sekunde chache baadaye zebaki inaanza kupanda na ubuluu unaongezeka. Joto likizidi, mvuke wa sodiamu unaingia. Ukiwa bado mwembamba, hutoa karibu rangi moja tu, ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, njano tupu. Hapo barabara nzima huwa njano na nyeusi, hata gari jekundu halijulikani.

Hatua ya mwisho ndiyo watu wengi hawaielewi. Mvuke ukiwa mzito, sodiamu yenye ubaridi iliyo karibu na ukuta wa kibomba inameza mwanga uleule wa 589 unaotoka katikati. Njano safi inazibwa na sodiamu yenyewe. Mwanga unapata njia pembeni, upande wa kijani na upande wa nyekundu, kwa sababu shinikizo limepanua mstari ule mwembamba ukawa mkanda. Jicho linaona dhahabu yenye weupe, joto la rangi la kelvini 2,000 hivi. Safari yote huchukua dakika tatu hadi tano.

Kuna jambo la umeme linalokwenda sambamba na rangi. Mvuke mwembamba unapitika kirahisi, kwa hiyo volti kwenye balbu inayoanza ni ndogo, ishirini na kitu, na choki inabeba zinazobaki. Mvuke ukinenepa volti hupanda hadi kama 100, ambapo balbu ya wati 250 hula ampea 3.0. Na donge lile halivukizwi lote. Daima kuna ziada iliyobaki majimaji kwenye ncha, kwa hiyo shinikizo linategemea ncha ile ina joto kiasi gani. Ukiongeza wati, ncha inapata moto, mvuke unanenepa, volti inapanda, na wati zinaongezeka tena. Ukipunguza wati, mambo yanarudi nyuma kwa mtindo uleule. Taa inayojisukuma namna hii haivumilii choki isiyo yake.

Uamuzi wa kwanza: ignita

Timu ilisikia "zinazima na kuwaka" ikaelekeza lawama kwa ignita. Zikabadilishwa 12, kwa gari la kikapu, siku mbili za kazi. Hakuna kilichobadilika.

Sababu ya uamuzi huo inaeleweka: ignita ndiyo kifaa cha bei nafuu kilichokuwepo stoo kwa wingi, na ndiyo inayohusishwa na kuwasha. Lakini kazi ya ignita inaisha pale tao la umeme ndani ya kibomba linapowaka na kushika. Balbu iliyowaka dakika saba, ikazima, ikawaka tena baada ya mbili, imethibitisha mara mbili kwamba ignita yake ni nzima. Zile 12 zilizotolewa zilipojaribiwa mezani kwa balbu mpya, 11 ziliwasha bila shida.

Uamuzi wa pili: kupima volti

Huu ulikuwa wa maana, ingawa haukuwa jibu. Saa 1:30 usiku, wakati mji mzima unapika na kupiga pasi, kabatini zilisomwa volti 230 na nguzo ya mwisho 212. Usiku wa manane nguzo hiyohiyo ilisoma 224. Kwenye choki ya kawaida, volti ikishuka kwa asilimia moja, wati za balbu hushuka kwa mbili au zaidi kidogo, kwa hiyo taa za mwisho, zenye volti 212 kwenye kichwa cha 240, zilikuwa zinakosa karibu moja ya tano ya nguvu yake. Zilichelewa kufika dhahabu na zilikuwa na njano iliyozidi kidogo.

Ila taa mbovu zaidi hazikuwa mwisho wa barabara. Zilikuwa katikati, zimechanganyika na nzima. Upungufu wa volti unaharibu kwa mfululizo, mbali zaidi vibaya zaidi, hauruki nguzo mbili ukashika ya tatu. Mtu angeweza kudhani ni fezi moja, lakini mbovu zilikuwa kwenye fezi zote tatu.

Uamuzi wa tatu: kusoma rangi

Ndipo ilipoamuliwa kuzima barabara yote, kuiacha ipoe, kuiwasha na kuandika kila nguzo iko rangi gani kwa wakati gani.

Usiku wa kwanza uliharibika. Taa zilikuwa zimewaka saa nzima, zikazimwa dakika mbili, zikawashwa. Balbu yenye moto haianzi tangu mwanzo. Ina mvuke tayari, hatua ya ubuluu inarukwa na njano inapita haraka. Tena watu watatu waliandika mambo matatu: mmoja aliita "njano" kile mwenzake alichoita "dhahabu". Karatasi zote zikatupwa.

Usiku wa pili ulipangwa hivi:

Barabara ilizimwa dakika 20 kamili. Watu sita waligawana nguzo, kila mmoja kumi au kumi na moja, na saa zao zikalinganishwa. Rangi ilisomwa kwenye sekunde ya 30, dakika ya 2, ya 4, ya 7 na ya 12, halafu kila mmoja akabaki mahali pake hadi dakika ya 40 akiandika taa itakayozima na muda wake. Simu zilikatazwa. Kamera ya simu hurekebisha weupe yenyewe, na picha ya taa ya njano tupu inaweza kutoka ikiwa na rangi ya kupendeza isiyokuwepo.

Ubishi wa majina ya rangi ulimalizwa kwa kanga. Kila mmoja alibeba kipande cha kanga nyeupe yenye maua mekundu na majani ya kijani. Katika hatua ya njano tupu, maua yanakuwa hudhurungi iliyofifia, majani yanakuwa meusi, na huwezi kusema kipi kilikuwa kipi. Taa ikifika dhahabu, wekundu unatokea. Hauwi mzuri, maana sodiamu haijawahi kuonyesha rangi vizuri, lakini unatokea. Swali likawa jepesi: ua jekundu unaliona au hulioni?

Kwa zilizotiliwa shaka ilitumika CD ya zamani. Ukiinamisha ili taa ijionyeshe kwenye uso wake, mwanga unatawanyika. Taa iliyokwama inatoa mstari mmoja wa njano. Taa iliyokomaa inatoa mkanda wenye kijani upande mmoja na nyekundu upande mwingine, na katikati, pale hasa njano ilipostahili kuwa kali, kuna ufa mweusi. Ufa ule ndio sodiamu inayojimeza yenyewe.

Kilichopatikana

Nguzo 42 zilipita hatua zote na kutulia. Nguzo 3 hazikuwaka kabisa. Moja ilikuwa ignita, moja balbu iliyokatika, moja holda iliyolegea, na hizo hazina la ziada la kufundisha.

Nguzo 11 zilifika njano zikagoma. Dakika ya 12 ua la kanga bado lilikuwa hudhurungi. Kijimlango kilifunguliwa na klampu mita (mita inayobana waya na kusoma ampea bila kuukata) ikawekwa kwenye waya unaotoka kwenye choki kwenda juu. Tisa zilisoma ampea 2.0 hivi. Bandiko la choki likamulikwa kwa tochi: wati 150. Juu kulikuwa na balbu ya 250. Choki ya 150 imejengwa kwa balbu ya ampea 1.8, kwa hiyo kibomba cha 250 kilikuwa kinapewa nusu ya chakula chake. Ncha haikupata moto wa kutosha, sodiamu haikunenepa, na taa ikalala kwenye hatua ya njano maisha yake yote. Mbili zilizobaki zilikuwa na choki sahihi ya 250, ila balbu zilikuwa za wati 400. Kosa ni lilelile: tumbo kubwa, sahani ndogo.

Nguzo 8 zilikuwa za birika. Hapa muda ndio uliotenganisha. Tatu zilipita njano mbio, zikawa nyeupe zenye uwaridi na kuzima kati ya dakika ya 6 na ya 8. Tano zilikaa dhahabu vizuri, zikazima kati ya dakika ya 15 na ya 35.

Zile tatu zilikuwa na balbu mpya za wati 150 kwenye choki ya 250. Ampea zilisoma 3.0, zikateremka taratibu hadi 2.6, kisha sifuri. Kushuka huko ni volti ya balbu inayopanda: choki inabakiwa na kidogo cha kusukumia. Volti ya balbu ikizidi 140 hivi, choki ya volti 230 haiwezi tena kulishika tao, linakatika. Balbu inapoa dakika moja au mbili, shinikizo linashuka hadi ignita iweze kupenya, mchezo unaanza tena. Moja ya taa hizo ilikuwa imeshaunguza holda. Plastiki yake ilimomonyoka mkononi.

Zile tano zilikuwa na kila kitu sahihi isipokuwa umri. Ncha za vibomba zilikuwa nyeusi. Weusi huo unatoka kwenye elektrodi, vipande vya chuma vinavyoingiza umeme kwenye kibomba, unazuia joto lisitoke, ncha inakuwa na moto kuliko ilivyokusudiwa, na sodiamu nayo imepungua kwa kuingiliana na kauri. Volti ya balbu ya sodiamu hupanda mwaka hadi mwaka. Kuzima na kuwaka ndiyo namna yake ya kawaida ya kufa.

Daftari la mlinzi lilisema dakika saba, kisha tano. Saba ni muda wa choki kubwa na balbu ndogo. Tano ni ileile ikianza na moto. Nguzo yake ilikuwa moja ya zile tatu.

Marekebisho

Choki 9 za wati 150 zilitolewa, zikawekwa za 250, na kapasita zikakaguliwa, kwa sababu kwenye nguzo nne mkandarasi alikuwa ameweka za mikrofaradi 20, ambazo ni za wati 150. Balbu 10 zilibadilishwa: mbili za 400, tatu za 150, tano za uzee. Nguzo 12 za mwisho zilihamishwa kutoka kichwa cha 240 kwenda cha 220.

Uamuzi huu wa mwisho ulibishaniwa. Usiku wa manane, volti 224 kwenye kichwa cha 220 ni ziada kidogo. Ilikubaliwa kwa kuwa ziada ya asilimia mbili ni ndogo kuliko upungufu uliokuwepo jioni, wakati watu wapo njiani.

Kisha nguzo ya 58, iliyokuwa haijawahi kulalamikiwa, ikaanza kuzima. Balbu yake ilikuwa imezeeka kama zile tano, ila njaa ya volti ilikuwa inaificha. Kichwa cha 220 kimepunguza kizuizi cha choki bila kuongeza volti ya mstari: mkondo umezidi, ncha ikapata moto, volti ya balbu ikapanda, na 212 zile zile hazikutosha kulishika tao. Ikabadilishwa.

Kipimo cha mwisho, kwa kanga zilezile: nguzo 62 zilifika dhahabu ndani ya dakika tano. Mbili za mwisho kabisa zilichukua sita na nusu, zikaachwa hivyo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuoanisha rangi na ampea. Rangi peke yake ilisema kibomba kina joto kiasi gani. Ampea zilisema choki inatoa nini. Taa ya njano yenye ampea 2.0 na taa ya njano yenye 3.0 na zaidi ni magonjwa mawili tofauti, na yote mawili yanajulikana ukiwa umesimama chini, bila gari la kikapu. Gari lile lilikuwa gharama kubwa kuliko vifaa.

Kupima volti ya balbu moja kwa moja kulikataliwa, na ilikuwa sawa. Taa inayozima huamsha ignita bila taarifa, na kilovolti 4 zikiingia kwenye mita ya kawaida mita ndiyo kwaheri, pengine na mkono ulioishika. Ignita ya waya tatu haiwezi hata kuchomolewa taa ikiwaka, kwa sababu mkondo wa balbu unapita ndani yake.

Kilichoshindwa kilianzia kwenye karatasi. Balbu za sodiamu za 150, 250 na 400 za umbo la bomba zina kitako kimoja cha E40 na unene uleule wa milimita 46 hivi. Zinatofautiana kwa urefu: 211, 257 na 283. Zikiwa ndani ya boksi, kwa fundi aliye juu ya kikapu na upepo wa kusi unampiga, ni kitu kimoja. Choki nazo hutofautiana kwa uzito na bandiko. Hati isiyotaja wati inamwachia stoo uamuzi wa kihandisi, na stoo hutoa kilichopo. Hati mpya ilitaka mambo matatu: wati za choki, wati za balbu, na ampea zilizosomwa dakika kumi baada ya kuwasha. Hilo la tatu ndilo linalozuia kudanganya.

Mbinu hii isihamishwe kwa taa nyingine bila kufikiri. Sodiamu ya shinikizo dogo, ile ndefu ya bomba lililokunjwa, huanza nyekundu kwa sababu imejazwa neoni yenye chembe ya argoni, na huchukua kama dakika kumi kuwa njano. Hapo njano tupu ndiyo afya yenyewe. Taa ya zebaki huanza na zambarau hafifu na kumalizia na weupe wenye ukijani, na ikizimwa ikiwa na moto inaweza kukaa dakika tano au zaidi kabla ya kurudi. Zebaki hizo zinaondoka zenyewe: Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, umezuia kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje zile za mwangaza wa kawaida baada ya 2020. Palipobaki za zamani, usiite mafundi kwa sababu taa imechelewa kurudi baada ya umeme kukatika. Ipe muda, utazame saa.

Choki tisa za wati 150 zilirudishwa stoo zikiwa nzima, zikaandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni, tarakimu kubwa kama kiganja.